Ngoja Mbele, Korongoni Almería

Tangu turudi, sijaweza kununua chipsi pale Place Jourdan nikaondoka kwa amani. Kila ninayekutana naye kwenye foleni ameshaiona ile picha ya Solange amelala na dripu mkononi, picha ambayo baba yake aliirusha kwenye kundi la familia kabla ya kuniuliza, na kila mmoja ana habari yake. Mwajuma amesikia tuliumwa na nyoka. Yule dada Mkenya wa ghorofa ya tatu amesikia tuliokolewa na helikopta. Hapakuwa na nyoka wala helikopta. Kulikuwa na maneno mawili ya Kiswahili, na aliyekosea ni mimi. Naandika yote hapa mara moja, ili nikiulizwa tena niseme nendeni mkasome, nile chipsi zangu zikiwa bado za moto.

Kwa wasiotujua vizuri: sisi ni watatu. Mimi ni Mwanahawa, mtu wa Tanga, kazi yangu ni kulea watoto wadogo kwenye kituo hapa Etterbeek, Brussels, na Jumamosi nafundisha Kiswahili watoto wa Watanzania na Wakenya sebuleni kwangu. Mume wangu ni Bahati, mtu wa Bukavu, aliyefanya kazi miaka kumi na moja kwenye kiwanda cha magari kule Forest mpaka kilipofungwa. Solange ni binti yake, ana miaka kumi na minne. Mama yake alifariki Solange akiwa mdogo, na mimi nimeingia katika nyumba hiyo miaka mitatu iliyopita. Ananiita Tantine, yaani shangazi kwa Kifaransa.

Sasa niseme jambo ambalo wengi hamlijui. Mtu wa Tanga akisikia "mutoto" hawezi kunyamaza. Nilipoolewa nilianza kunyoosha Kiswahili cha nyumba nzima kama anayepiga nguo pasi: siyo mayi, ni maji, siyo muntu, ni mtu. Bahati alicheka tu, na kila nilipoanza akahamia Kifaransa. Lakini Jumamosi moja, miaka miwili iliyopita, nilimkaribisha Solange darasani. Akasimama akasema, "Miye niko naenda ku masomo." Nikamsahihisha mbele ya wenzake, neno kwa neno, watoto wakacheka. Tangu siku hiyo hakunisemesha Kiswahili tena. Bibi yake anaongea naye, baba yake anaongea naye, mimi napewa Kifaransa safi, cha adabu, kama kile tunachopewa na karani wa benki.

Kwa hiyo Bahati alipomwambia Solange achague kitu kimoja cha kufanya kiangazi hiki, kabla yeye hajapata kazi nyingine, na Solange akachagua kutembea kwenye korongo la jangwa kusini mwa Uhispania, mimi nilikubali haraka kuliko wote. Sipendi jua wala milima. Nilichopiga hesabu ni kwamba tutakaa siku nyingi ndani ya gari moja, na mtoto huyu atachoka kuninyamazia.

Kutoka Etterbeek, na sufuria ya mama mkwe

Tulipanga kuondoka saa kumi na moja alfajiri. Saa kumi na moja alfajiri mama mkwe wangu, Maman Espérance, alikuwa anateremka kwenye teksi akitokea Berchem-Sainte-Agathe, na sufuria ya sombe imefungwa kwa kitambaa. Sombe ndicho kisamvu chetu, ila wao wanakipika na mawese na samaki wa chumvi mpaka ghorofa nzima ijue. Akaiweka mezani, akashika mwiko, akasema:

"Mukule mbele. Hawa, mukule mbele."

"Ahsante sana, Maman. Tutakula mbele," nikamjibu, nikaifunika sufuria yake vizuri, nikaipeleka kwenye buti la gari.

Niliporudi alikuwa bado amesimama na mwiko wake hewani. Alimtazama Bahati, wakasemezana kwa Kishi, lugha yao ya nyumbani, na Bahati akacheka mpaka akashika ukuta. Solange naye alificha mdomo kwa mkono. Sikuelewa wanachokicheka, na kwa kuwa mimi ndiye mwalimu wa lugha humo ndani, sikuuliza. Tuliondoka saa moja, kwa sababu Maman alidai anywe chai na mwanawe kwanza, na sisi wengine tukanywa naye.

Ufaransa: mshale wa joto

Ufaransa ni ndefu. Hilo najua mlijifunza shuleni, lakini nendeni mkaipite kwa gari kuukuu mwezi wa nane. Tulilala njiani baada ya Poitiers, na kesho yake, tukiwa kwenye foleni ya magari karibu na Bordeaux, mshale wa joto ukaanza kupanda. Bahati, aliyetengeneza magari miaka kumi na moja, akasema ni kawaida. Dakika kumi baadaye moshi mweupe ulitoka mbele, tukajikokota mpaka kwenye kituo cha mapumziko chenye misonobari.

Kituo kile kilikuwa kimejaa familia za Wamorocco wa Ubelgiji wanaoenda kwao, magari yamebeba mizigo juu ya paa mara mbili ya urefu wake. Bahati alifungua boneti akasimama anaitazama, na mwanamume akitazama boneti hivyo wengine husogea. Wa kwanza kusogea alikuwa mzee mmoja wa Anderlecht, mwenye kofia nyeupe, ambaye watoto wake walimwita Haji. Alisalimia, nikaitikia salamu yake, akafurahi kukuta Mwislamu kwenye gari lenye rozari inayoning'inia kwenye kioo. Kisha akaingiza mkono ndani ya injini, akatoa mpira wa rejeta uliopasuka.

"Nilikuwa naufuatilia ule mshale," Bahati alijitetea kwa Kifaransa.

"Mshale unasema wakati gari limeshaumia," Haji akamjibu. "Katika joto hili maji hayangoji kuombwa. Unatia kabla."

Alikuwa na kipande cha mpira na vibano kwenye sanduku lake. Kazi ilimchukua saa moja. Mke wake alitandika mkeka, akatupatia chai ya nanaa na mkate wa semolina, nami nikatoa sombe. Tulikula Wamorocco sita na sisi watatu kutoka sufuria ya Maman Espérance. Haji alipokataa kitu chochote kwa kazi yake, nilijaribu kumpa angalau sombe iliyobaki. Akacheka, akatupatia yeye dumu la lita kumi lililojaa maji, akasema ni la gari. Solange alikuwa akizungumza na binti zake kwa furaha, kwa Kifaransa cha Brussels. Na mimi aliniambia: "Tantine, on y va?" Nikasema twende.

Uhispania: nyama isiyokuwa nguruwe

Tulipovuka mpaka mambo yaligeuka. Bahati na mimi hatujui Kihispania hata cha kuombea chumvi, ila Solange anakisoma shuleni mwaka wa pili. Ghafla ndiye aliyekuwa msemaji wa familia. Mgahawa wa kwanza tulifika saa sita mchana na njaa zetu, tukaambiwa chakula cha mchana ni saa nane. Tukakaa tukingoja kama wagonjwa. Saa nane Solange akamweleza mhudumu kwamba mimi sili nguruwe. Mhudumu akaitikia kwa heshima zote, akaniletea maharage yaliyonyunyiziwa vipande vyekundu vya nyama.

"Muulize hii ni nini," nikamwambia Solange.

Akauliza. Wakajibizana kwa muda mrefu. "Anasema siyo nguruwe," akanieleza kwa Kifaransa, uso mkavu. "Anasema ni paja lake tu."

Nilimtazama, akanitazama, tukaangua kicheko sote wawili. Nilikula mkate na nyanya, na nilishiba kwa kile kicheko.

Kijiji tulichofikia kiko kwenye milima mikavu ya Almería. Wenyeji hula chakula cha usiku muda ambao sisi wa Etterbeek tumeshapiga mswaki, na mwenye nyumba hakutuacha tulale bila kula. Ndiyo sababu asubuhi ya matembezi, tuliyoapa kuanza saa kumi na mbili, tuliamka saa mbili. Mtu mwenye akili angeahirisha mpaka kesho yake. Lakini Solange alikuwa ameshavaa viatu, ameketi kitandani na kofia kichwani, na hakuna kati yetu aliyekuwa na moyo wa kumwambia avue.

Korongo, nusu ya juu

Tulianza kushuka saa tatu na nusu. Korongo lenyewe ni mto uliokauka. Unaingilia juu, unashuka kilomita kumi na nne katikati ya kuta za mwamba, unatokea chini kwenye mashamba ya lozi. Maji tulibeba lita saba. Solange alikuwa na chupa yake ya bati ya lita moja. Nyingine zilikuwa kwenye begi la Bahati na langu.

Niseme kweli, ni pazuri. Kuta zina rangi ya mkate wa mofa, mahali pengine zimesogeleana mpaka unagusa zote mbili kwa mikono. Solange alikwenda mbele akiruka mawe, akipiga picha, na mara mbili aligeuka kuhakikisha tunaona anachokiona. Bahati alikuwa anamtazama huku anatabasamu, na sikuwa nimemwona akitabasamu vile tangu kiwanda kifungwe. Nilishukuru kwamba nimekuja.

Baada ya saa moja na nusu tulifika mahali ambapo mto, ukiwa hai, huwa unaporomoka. Ilibidi tushuke kwa makalio. Bahati alitua vibaya, na goti lake la kulia, ambalo kiwanda kilimwachia kama zawadi ya kuagana, likaanza kuvimba tukiliangalia.

"Bon," akasema. "Kupanda haiumizi, ni kushuka njo kunaniua. Mimi nitaregea ku gari, nizunguke na barabara. Nyinyi muende tu, tutakutana kule chini, ku daraja."

"Turudi sote, Baba Solange," nikamwambia.

Alimtazama binti yake. Solange alikuwa anachora mchangani kwa ncha ya kiatu. "Apana," Bahati akasema. "Mutoto amengoja hii siku mwaka muzima. Hawa, muende naye. C'est rien, si kitu."

Akachukua chupa moja, nyingine zote akazihamishia kwenye begi langu. Saa tano na ushee tuliachana. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe, nilikuwa peke yangu na Solange mahali ambapo hakuna mlango wa chumba cha kujifungia.

Korongo, nusu ya chini

Simu ilisema digrii arobaini na moja, kisha mtandao ukapotea na simu ikaacha kusema. Kuta zikapanuka, kivuli kikapungua. Nilimuuliza hali, "Ça va?" Akajibu, "Ça va." Baada ya nusu saa nikamuuliza tena, akajibu vilevile. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu. Alikuwa ameacha kuruka mawe na ameanza kutembea nyuma yangu, nami nikafikiri ni ule umri wake. Sikuuliza chupa yake ina kiasi gani. Nilikuwa na lita tatu na zaidi mgongoni, na nikasubiri aombe.

Muda mfupi baada ya saa sita nikasikia sauti yake nyuma.

"Tantine, ngoja mbele."

Nilisimama. Nilidhani ni jua. Nikageuka, nikamwona hatua kama thelathini nyuma, ameinama kando ya jiwe kubwa, mikono juu ya magoti. Miaka miwili sijasikia Kiswahili kutoka kinywani mwake kikija kwangu, na sasa kimekuja, tena bila kosa hata moja la kusahihisha. Nilifurahi kupita kiasi, na kwa furaha hiyo sikumtazama vizuri. Nilijua moja kwa moja anachotaka: msichana wa miaka kumi na minne, hakuna choo, kuna jiwe kubwa. Anataka nimpishe.

"Haya, mwanangu," nikamwambia. "Nakungoja mbele."

Nikaenda zangu. Nilipita kona ya kwanza, na kwa kumheshimu nikapita ya pili, nikapata kivuli cha kututosha wawili. Nilikaa pale nikipanga maneno. Nilijiambia akifika nitaongea naye Kiswahili taratibu, na akisema mayi, nitampa mayi.

Robo saa ikapita, hajafika. Nikamwita. Kuta zikaniitikia jina lake, yeye kimya. Nikavaa begi nikarudi mbio.

Sasa sikilizeni jambo ambalo hakuna aliyenifundisha. Ukishuka korongo, njia ni moja tu. Makorongo mengine yanakuja kujiunga nalo kutoka nyuma ya bega lako, na wewe huyaoni. Ukigeuka kupanda, ndipo unapokuta njia panda ambazo hukuwahi kuzipita. Nilikuta moja, mapana sawa, mawe sawa. Nikachukua ya kushoto kwa sababu ilikuwa na nyayo mchangani. Nilikwenda muda mrefu ndipo nikaona kwamba zile ni kwato za mbuzi.

Niliogopa kama sijawahi kuogopa. Maji yalikuwa yanapiga mgongo wangu kila hatua, na kila yakipiga nilikumbuka kwamba yote ninayo mimi. Nilimfikiria Bahati pale darajani na goti lake. Nilimfikiria Maman Espérance na mwiko wake. Nilimfikiria hata mama yake Solange, ambaye sikuwahi kumjua, nikamwambia kwa sauti kwamba nilikuwa namngoja mwanawe, nilikuwa namngoja kabisa, kama alivyoniambia.

Ndipo nikasikia mlio. Kong. Kimya. Kong, kong. Bati juu ya mwamba, kutoka upande wa pili wa ukuta. Nikarudi mpaka njia panda, nikachukua ya kulia, nikaufuata ule mlio.

Alikuwa pale pale nilipomwacha, ila sasa ameketi chini, mgongo kwenye jiwe, miguu ndani ya utepe wa kivuli usiotosha hata mkeka. Alikuwa ametapika. Uso umekuwa kama jivu, midomo imepauka, na mkononi ameshika chupa yake tupu ya bati. Aliacha kuigonga aliponiona.

"Nilikuambia ungoje mbele," akasema. "Ukaenda."

"Nilikungoja mbele, mwanangu. Nilikuwa kule mbele nakungoja."

Alitikisa kichwa kidogo. "Apana. Ngoja mbele." Akatafuta pumzi. "Attends d'abord."

Ngoja kwanza. Alikuwa ameniambia ningoje kwanza. "Mbele" kwao ni "kwanza", na hapo hapo, nikiwa nimepiga magoti kwenye mawe ya moto, nikauona mwiko wa Maman Espérance ukiwa hewani. Mukule mbele. Alitaka tule kwanza ndipo tuondoke, na mimi nikampokonya sufuria nikaifungia kwenye buti. Miaka mitatu nimekaa kwenye nyumba hii nasikiliza makosa tu, na sikuwahi kusikia wanachosema.

Sikumwambia hayo. Nilivua khanga niliyojifunga kiunoni, nikailowesha maji, nikamfunika kichwa na mabega. Nikamlaza kwenye kivuli, miguu juu ya begi. Nikampa maji, akayatapika. Nikampa kifuniko kimoja kimoja cha chupa, nikihesabu mpaka thelathini kati ya kimoja na kingine, na hayo yakakaa. Nikailowesha khanga tena.

"Mbona hukuniambia chupa imeisha?" nikamuuliza.

"Nilitaka kukuambia. Kichwa ilikuwa inazunguka." Alifumba macho. "Français ilinikimbia yote. Nikaona ni Swahili tu njo imebakia."

Nililia, na sioni haya kuandika hivyo. Yeye hakuona, khanga ilikuwa machoni mwake. Tulikaa pale kama saa nzima, kivuli kikasogea kutufuata, ndipo akasema anaweza kusimama. Kipande kilichobaki watu hukitembea dakika arobaini. Sisi kilituchukua saa mbili, mkono wake begani kwangu, na kila baada ya hatua chache alisema "ngoja mbele", nami nikangoja.

Nyumba nyeupe kwenye milozi

Korongo lilipofunguka tuliona miti ya lozi na nyumba moja nyeupe, na bibi kizee mwenye gauni jeusi akifunga madirisha kuzuia jua. Alituona, akayaacha madirisha yake. Jina lake tulilijua baadaye kuwa ni Encarna. Wakati ule alikuwa mikono miwili tu iliyomchukua Solange upande wa pili, tukaingia naye kwenye chumba chenye sakafu ya vigae baridi.

Alileta beseni, mashuka yaliyolowa, na maji aliyotia chumvi, sukari na ndimu. Wakati wote alikuwa ananigombeza. Sikuelewa neno, lakini kugombezwa hakuhitaji mkalimani: alionyesha jua, alionyesha korongo, alionyesha saa ya ukutani, alinionyesha mimi. Nilikubali kila kitu kwa kuinamisha kichwa, kwa sababu alikuwa na haki. Kisha akatulia, akamtazama Solange, akanitazama, akauliza jambo kwa sauti ya chini.

Nilikuwa na neno moja tu la Kihispania, lile la kukubali. "Sí," nikamwambia. "Sí, sí."

Akanishika shavu kwa mkono wake uliolowa, akaenda kuniletea mimi bakuli la supu baridi ya nyanya. Sijawahi kunywa kitu kitamu kama kile, na nimeshajaribu kukipika hapa Etterbeek mara tatu, hakitoki.

Simu ya nyumba yake ilifanya kazi. Bahati alikuwa darajani, chini tu ya mashamba, amekaa juu ya dumu la Haji kwa sababu hakuweza kukunja goti, na alikuwa ameshawasimamisha watu wawili kuwauliza kama wametuona. Alikuja akichechemea, akapiga magoti yote mawili kando ya binti yake, lile zima na lile bovu. Tulimpeleka Solange kwenye zahanati ya kijiji, nesi akamwekea dripu, akasema tumefanya vizuri kumpa maji kidogo kidogo. Hapo ndipo picha yenu ilipopigwa. Kisha Bahati akatoka nje kumpigia simu mama yake, tukabaki wawili.

"Tantine," Solange akasema, akitazama juu. "Unajua ule bibi alikuuliza nini?"

"Aliuliza kama maji yalitutosha."

"Apana. Aliuliza kama miye ni mutoto wako. Ukasema sí, sí."

Matone yalikuwa yanashuka kwenye ule mpira, moja baada ya jingine. Nilikuwa na njia nyingi za kujibu, nikachukua ya kweli. "Sikuelewa alichouliza," nikamwambia. "Lakini ningeelewa, ningemjibu vilevile."

Aligeuza kichwa kwenye mto akanitazama.

"Nimesema mutoto," akasema. "Hukunisahihisha."

"Mutoto ni mutoto," nikamwambia.

Kurudi

Tulikaa siku mbili zaidi bila kutembea popote, kisha tukapita kwa Bibi Encarna kuaga. Nilimwachia ile khanga. Alitaka kujua imeandikwa nini, na Solange alijaribu kutafsiri, akashindwa, wakacheka. Gari halikutusumbua tena. Bahati alilitia maji kila kituo kabla halijaomba. Kaskazini mwa Paris mvua ilianza, na sisi watatu, ambao kila mwaka tunailalamikia mvua ya Brussels kuanzia mwezi wa tisa mpaka wa sita, tulifungua vioo tukatoa mikono nje.

Maman Espérance alikuwa anatungoja na sufuria nyingine, na safari hii aliishika kwa mikono yote miwili, asije akanyang'anywa. "Mukule mbele," akasema, akiniangalia kwa wasiwasi. Nilikaa pale pale kwenye kiti cha kwanza, na koti langu na viatu, nikaomba sahani. Nilimweleza kosa langu lilikuwa nini, na lilivyokaribia kutugharimu. Hakucheka kama nilivyotegemea. Aliniwekea sombe mpaka sahani ikajaa, akasema, "Hawa, kula mbele, utalia kisha," nami nikafuata utaratibu huo.

Nawashukuru nyote mliotuombea, hata mlioomba kuhusu nyoka. Nawashukuru Haji wa Anderlecht, nesi ambaye jina lake sikulipata, na bibi wa milozi aliyenigombeza. Solange ni mzima. Jumamosi bado haji darasani, na sijamwomba aje.

Juzi asubuhi tulikuwa wawili kwenye kituo cha tramu pale La Chasse, mimi naenda kazini, yeye shuleni, sote tumechelewa. Akapapasa mifuko, akakumbuka kadi yake ya tramu ameiacha mezani. Akaanza kukimbia kurudi nyumbani, na huku anakimbia akaniita juu ya bega lake.

"Tantine, ngoja mbele."

Namba 81 ikaja, ikafungua milango. Dereva akanitazama. Nikamtikisia kichwa, akafunga, tramu ikaondoka, nami nikabaki nimesimama pale pale aliponiacha.